Vyama vya Wafanyakazi na Tija: Ni Nani Hasa Aliyegoma?

Mbiu ya mgambo ikilia, huwa kuna jambo. Kila mara walimu, wauguzi, madaktari au wahadhiri wa nchi hii wanapoweka kazi chini na kumiminika barabarani wakiwa na matawi na filimbi, hoja mbili husikika. Ya kwanza ni kwamba vyama vya wafanyakazi ndivyo vinavyoiua kazi ya umma kwa kuwafunza watu kudai bila kutenda. Ya pili ni kwamba pasipo vyama hivyo mtumishi wa umma angekuwa hana tofauti na mtumwa. Hoja hizi zimezungushwa kwa miaka mingi katika majumba ya walimu, katika vibanda vya chai na ndani ya matatu ziendazo baina ya Nakuru na Njoro, na mara nyingi kila upande huondoka na kile ulichokuja nacho. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali lililo tofauti kidogo: kazi ya umma inapolala, ni nani hasa aliyegoma, na aligoma lini?

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno. Neno tija ni ndugu wa natija, yaani matokeo. Basi tunapouliza habari ya tija hatuulizi mtu alikaa kazini saa ngapi, bali kukaa kwake kulizaa nini. Neno la pili ni mkataba. Hili lina shina moja na kitabu, katibu na maktaba. Maana yake ya asili ni jambo lililoandikwa. La tatu ni makubaliano. Shina lake, kubali, nalo lilitujia kutoka Uarabuni, lakini kiambishi -an- kilichomo ndani yake ni chetu cha Kibantu, kile kile kilichomo katika pendana, saidiana na, kwa bahati mbaya, pigana. Kiambishi hicho hudai watu wawili. Mkataba unaweza kuwa karatasi tu, lakini makubaliano hayawezi kamwe kuwa ya mtu mmoja. Naomba msomaji ayaweke maneno haya matatu akilini tunapoendelea.

Nakuru ni mahali pafaapo kuliulizia swali hili. Mji huu ulizaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya 20, ukakuzwa na watu waliokuja kuuza nguvu zao: makuli wa stesheni, makarani wa serikali, wafanyakazi wa manispaa, na vibarua wa mashamba ya walowezi kutoka Naivasha hadi Molo. Hata mmoja wa mababa wa vyama vya wafanyakazi nchini aliufanya ukanda huu kuwa makao yake ya kisiasa. Fred Kubai ndiye aliyekuwa rais wa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika Mashariki ulioundwa mwaka 1949, naye Makhan Singh akawa katibu mkuu wake. Wote wawili walikamatwa mwezi Mei 1950, na mgomo mkubwa ukazuka jijini Nairobi. Uhuru ulipopatikana, Kubai aliingia Bungeni mwaka 1963 akiwa mbunge wa Nakuru Mashariki. Kwa kizazi hicho chama hakikuwa chombo cha kuongezewa shilingi tu. Kilikuwa njia ya mtu kuhesabiwa kuwa mtu.

Walimu nao walikwisha kuunda Chama cha Kitaifa cha Walimu, yaani KNUT, mwaka 1957. Vijana wengi wanaojiandaa kuwa walimu hawajui dai kubwa la chama hicho katika miaka yake ya mwanzo lilikuwa nini. Lilikuwa ni kuwapo kwa mwajiri mmoja. Mwalimu wa zama hizo aliweza kuajiriwa na misheni au na halmashauri ya wilaya, na masharti ya kazi yalitegemea ni mlango gani aliobisha. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwalimu wa Subukia akawa sawa na mwalimu wa Kisumu mbele ya mwajiri wake. Wanaosema chama hakijawahi kuijenga kazi ya umma wamesahau kwamba tume yenyewe inayowaajiri walimu leo ilitokana kwa sehemu kubwa na madai ya chama.

Tuje sasa kwa wale wanaoshikilia kwamba chama ndicho adui wa tija. Historia yetu imewahi kuwapa nafasi ya kulithibitisha dai lao. Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali pamoja na kile cha wahadhiri wa vyuo vikuu. Wahadhiri walipojaribu kukifufua chao mwishoni mwa 1993 walinyimwa usajili, wakagoma, na mgomo huo ukavuka hadi 1994 bila ya chama kutambuliwa. Watumishi wa serikali walisubiri hadi 2001 ndipo wakasajiliwa tena, nao wahadhiri wakapata usajili wa chama chao, UASU, mwaka 2003. Hii ina maana kwamba kwa miaka ishirini na zaidi afisi za serikali hazikuwa na chama cha kuzisumbua. Ingekuwa chama ndicho kinachoua tija, basi miaka hiyo ingalikuwa ya neema kuu katika utumishi wa umma. Wazazi wetu waliokwenda kutafuta hatimiliki ya shamba au kitambulisho katika siku hizo wanaweza kutusimulia jinsi faili zilivyopotea na jinsi zilivyopatikana, na kwa bei gani. Kwa upande wa pili, nchini Ufini karibu kila mwalimu ni mwanachama wa chama cha walimu, na hilo halikuwazuia wanafunzi wa huko kuongoza katika kusoma kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000. Kuwapo kwa chama pekee, basi, hakuui tija wala hakuizai. Lazima tutazame kitu kingine.

Kitu hicho ni makubaliano yasiyotimizwa. Mnamo Oktoba 1997, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi mkuu, walimu wa shule za umma waligoma kwa wito wa KNUT, chini ya katibu mkuu Ambrose Adeya Adongo. Serikali iliafiki nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika muda wa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka uliofuata serikali ikasema haina fedha, na Oktoba 1998 walimu wakagoma tena. Wakagoma kwa mara nyingine mwaka 2002, ambao pia ulikuwa wa uchaguzi. Mwaka 2003 serikali mpya iliketi na chama kuipanga upya ratiba ya malipo. Na walimu walipogoma kwa wiki tatu hivi kati ya Juni na Julai 2013, miongoni mwa madai yao yalikuwamo marupurupu yaliyotajwa katika makubaliano yale yale ya 1997. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa alikuwa kijana wa miaka 16, akikosa masomo kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi yeye angali mchanga.

Mkia wa makubaliano hayo ulifika hapa Nakuru. Walimu waliostaafu baada ya 1997, idadi yao ikipita 50,000 kote nchini, walilipwa pensheni kana kwamba nyongeza ile haikuwahi kuafikiwa. Wakaenda katika Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 mahakama hiyo ikawapa haki yao. Lakini kushinda kesi si kulipwa. Kesi ilipanda ngazi za rufaa mwaka baada ya mwaka, na wengi miongoni mwa wazee hao waliaga dunia wakiwa na hukumu mkononi na mfuko mtupu. Hawa hawakuwa wagomaji. Walikuwa watu waliokwisha kumaliza kazi yao yote, chaki ya mwisho wakaiweka mezani kwa heshima. Je, kijana anayewaza kuwa mwalimu ajifunze nini kutokana na mwisho wao?

Walimu hawako peke yao katika jambo hili. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013. Waligoma tena kwa siku 56 kati ya Machi na Mei 2024, na mzozo ulikuwa hasa juu ya mambo yaliyoafikiwa 2017. Wahadhiri nao walitoka madarasani tarehe 17 Septemba 2025 na kurejea mwanzoni mwa Novemba. Walichokuwa wakidai ni salio la mkataba wa miaka 2017 hadi 2021. Msomaji akiipanga migomo hii kwenye mstari ataona mtindo mmoja. Mgomo wa kwanza huleta mkataba. Kila mgomo unaofuata huwa ni wa kudai mkataba wa mgomo uliotangulia. Mwalimu, mgonjwa na mwanafunzi wote hulipa gharama ya sahihi moja mara mbili, mara tatu, mara nne. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwetu ahadi imekuwa dawa ya kutuliza maumivu, ambayo nguvu zake zikiisha maumivu hurudi yakiwa makali zaidi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa swali nililouliza ni hili: mara nyingi aliyegoma kwanza ni mwajiri. Anapotia sahihi jambo asilokuwa na nia wala bajeti ya kulitimiza, amekiondoa kile kiambishi -an- katika makubaliano. Karatasi imebaki, wawili hawapo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini haki ya kugoma isiwe ndiyo ofisi pekee ya kudai madeni.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimewapaka mafuta wenzangu kwa mgongo wa chupa. Kuna mgomo mwingine ambao hautangazwi, hauna filimbi, wala hauna katibu mkuu wa kuufuta. Waswahili huuita mgomo baridi. Mwalimu amefika shuleni, ametia sahihi katika kitabu, ameketi katika chumba cha walimu na gazeti, na darasa liko wazi. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2013 uligundua kwamba tatizo kubwa katika shule zetu za msingi za umma halikuwa walimu kukosa kufika shuleni, bali waliofika kukosa kuingia darasani. Mtoto alipata chini ya nusu ya muda wa mafunzo uliopangwa katika ratiba. Ukiujumlisha upotevu huo wa kila siku, kwa kila muhula, utaona kwamba wiki tatu za mgomo wa hadharani ni tone tu. Nani huutangaza mgomo huu? Hakuna. Nani huukemea? Vyama vyetu vimekuwa vikinyamaza, na pale mwanachama anapoadhibiwa kwa utoro, wakili wa chama ndiye huwa wa kwanza kusimama, bila hata kuuliza darasa lilikuwa na nani.

Najua nitaambiwa: ingia katika shule ya umma ya mtaa kama Kaptembwo au Rhonda, uhesabu vichwa, kisha useme. Ni kweli. Serikali ilisimamisha ajira mpya za walimu mwaka 1998, ikawa inajaza tu nafasi za wanaoondoka. Miaka mitano baadaye, Januari 2003, elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure, na watoto shuleni wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Milango ilifunguliwa kwa watoto ilhali ilikuwa imefungwa kwa walimu. Mwalimu mwenye rundo la madaftari themanini ya kusahihisha kila jioni hawezi kuyasahihisha kwa makini hata umlipe dhahabu. Lakini hapa ndipo ninapokilaumu chama hasa. Katika miaka hii yote, ni mgomo gani ulioitishwa kwa sababu darasa lina watoto themanini? Tumegoma kwa ajili ya mishahara, nyumba na nauli. Idadi ya watoto mbele ya mwalimu, ambayo ndiyo inayoamua kama kazi yake itazaa natija au la, imeachwa ikielea katika hotuba.

Upo mfano mmoja unaostahili kutafakariwa na pande zote. Mnamo 2010 serikali iliajiri walimu wapatao 18,000 kwa kandarasi, kwa malipo madogo, ili kupunguza msongamano. Wachumi kadhaa, wakiwamo Wakenya Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu, waliufuatilia mpango huo katika shule 192 kwenye mikoa yote minane ya wakati ule. Pale ambapo walimu hao walisimamiwa na shirika lisilo la serikali, watoto walipata alama bora zaidi. Pale ambapo walisimamiwa na serikali, hakukuwa na mabadiliko yoyote. Kazi ilikuwa ile ile na mkataba ule ule. Kwa upande wa serikali mishahara ilichelewa. Na kwa upande huo huo KNUT ilikuwa ikiupinga mpango, na walimu wenyewe wakitarajia kupandishwa kuwa wa kudumu karibuni. Chama kiligoma Septemba 2011 na serikali ikakubali kuwaajiri kwa masharti ya kudumu. Ushindi huo ulikuwa wa haki kwa vijana hao. Lakini natija kwa mtoto haikuwamo katika hesabu ya upande wowote. Na kwa kuwa hatukujifunza, kisa kilirudi. Kuanzia 2023 vijana wa shule za sekondari ya msingi walifundisha kama walimu wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mahakama ikasema mwaka 2024 kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria, na migomo ikafuata.

Wapo walioona suluhisho ni kukivunja nguvu chama. KNUT ilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 katikati ya mwaka 2019. Katika muda wa miaka miwili ya mvutano na mwajiri wakashuka hadi chini ya 30,000. Mkataba uliofuata, wa Julai 2021, haukuwa na nyongeza ya mshahara hata senti moja, ingawa uliongeza likizo ya uzazi kwa akina mama hadi siku 120 na ya akina baba hadi siku 21. Nyongeza ilikuja baadaye, mwaka 2023. Je, katika miezi hiyo ya ukimya madarasa ya Molo na Bahati yalipungua watoto? Je, mgomo baridi uliisha? Mtu aliyenyamazishwa hafanyi kazi zaidi. Hufanya kazi akiwa kimya. Chama dhaifu hakiwezi kumtetea mwalimu, lakini pia hakiwezi kumwambia mwalimu mvivu kwamba anawaaibisha wenzake. Sauti ya kukemea na sauti ya kutetea hutoka katika koo moja.

Tufanyeje basi? Naona mambo matatu. Kwanza, serikali isitie sahihi mkataba wowote kabla fedha zake hazijaonekana katika makadirio yanayopelekwa Bungeni. Afadhali mwajiri anayesema mwezi huu sina kuliko anayesema nitakupa akijua hatatoa. Pili, vyama viipeleke kazi yenyewe mezani. Kifungu cha kwanza cha mkataba ujao wa walimu kiwe ni idadi ya juu ya wanafunzi darasani na namna ya kuifikia hatua kwa hatua. Mzazi wa Njoro ambaye hana chama chochote atasimama na mwalimu anayegomea jambo hilo, kwa sababu ni mwanawe anayegomewa. Tatu, vyama viwe na sauti katika tathmini ya kazi badala ya kuikataa tu. TSC ilipoleta mfumo wake wa kutathmini walimu mwaka 2016, KNUT iliupinga, na malalamiko kwamba unamjazia mwalimu karatasi yalikuwa na msingi. Lakini kukataa si kubuni. Mafundi wa kila kazi, tangu wajenzi wa majahazi huko Lamu, ndio wanaojua ni nani miongoni mwao anayepiga msumari vibaya. Walimu wakikataa kulisema hilo wao wenyewe, litasemwa na watu wasiojua msumari ni nini.

Kwenu ninyi wanafunzi, hasa mnaosomea ualimu, siku itafika mtakapojaza fomu ya kujiunga na chama. Ijazeni bila kusita. Lakini mkiulizwa mkutanoni mnataka nini, msitaje mshahara peke yake. Ulizeni pia mkataba wa jana umetimizwa kiasi gani, darasa la kesho litakuwa na watoto wangapi, na ni mwenzetu yupi ambaye hajaingia darasani wiki hii. Chama kikizoea kuulizwa maswali hayo na wanachama wake, kitapata ujasiri wa kumuuliza mwajiri maswali yake. Na mwajiri akizoea kuulizwa na watu wanaojiuliza wenyewe kwanza, atakosa pa kujificha. Hapo ndipo makubaliano yatakapokuwa na maana inayodaiwa na sarufi yake: jambo la wawili, linalotimizwa na wawili.